Andikeni JRO kwenye mkataba kabla ya kusaini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu wenzangu, hasa vijana wanaotafuta kazi ya kufundisha nje ya nchi, pamoja na mawakala wanaowatafutia kazi hizo, kuhusu JRO, herufi tatu za tiketi zinazotaja Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA).

Mimi ni mwalimu wa hisabati, mkazi wa Kibosho, Moshi. Nilifundisha sekondari za Serikali hadi nilipostaafu kwa hiari nikiwa na miaka 55. Agosti 2022 nilikwenda Sharjah, Umoja wa Falme za Kiarabu, kufundisha shule binafsi kwa mkataba wa miaka miwili, nikarudi Julai 2024. Kwenye kazi yenyewe sina la kulalamika. Mshahara uliingia kila mwezi, watoto walikuwa wasikivu, nyumba tuliyopewa ilikuwa safi, na kiinua mgongo nililipwa chote. Kilichoniuma ni safari ya kurudi nyumbani, na chanzo chake ni neno moja la mkataba ambalo nililisoma mara moja tu nikaendelea na mengine.

Mstari ulisema kwamba mwisho wa mkataba mwajiri atampatia mwalimu tiketi ya ndege, daraja la kawaida, ya kurudi nchini kwake. Nilipousoma nilimshukuru Mungu, nikafungua ukurasa wa mshahara. Nchini kwake! Mimi kwetu ni Kibosho, na uwanja wetu ni KIA, upo hapo katikati ya Moshi na Arusha tangu mwaka 1971. Haikunijia akilini kwamba kwa mtu anayekata tiketi akiwa Sharjah, Tanzania yote ni moja, na kwamba Dar es Salaam ikiwa nafuu atakupeleka Dar es Salaam.

Mwanzoni mwa Juni 2024, shule ikielekea kufungwa, afisa rasilimali watu alinitumia tiketi kwenye simu. Nikaona DXB, nikajua Dubai. Baada yake herufi tatu: DAR. Nilidhani ni kituo cha kubadilisha ndege, nikashusha chini kutafuta safari ya pili. Haikuwepo.

Nilikwenda ofisini kwake. Alikuwa kijana mwenye adabu, alinikaribisha kiti na chai. Nikamweleza kwamba kwetu ni kilomita zaidi ya 500 kutoka Dar es Salaam, kwamba tuna uwanja wa kimataifa, ndege za Addis Ababa, Doha na Amsterdam zinatua pale, watalii wa dunia nzima wanaushukia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, tiketi ni ya Tanzania, na Dar es Salaam ni Tanzania." Nikamwambia mkataba haukutaja Dar es Salaam. Hapo akafungua jalada langu, akatoa fomu ya kwanza kabisa ya maombi ya kazi, akaigeuza upande wangu na kuweka kidole kwenye kisanduku kimoja. Mahali alikoajiriwa: Dar es Salaam. Kwa wino wa bluu. Mwandiko haukuwa wangu, ulikuwa wa wakala.

Siku ile naikumbuka vizuri. Wakala alituita Dar es Salaam kwa usaili, tukiwa walimu tisa kutoka mikoa mbalimbali, kila mmoja kwa nauli yake. Tulisailiwa kwenye ukumbi wa hoteli, tukajaziwa fomu pale pale kwa sababu muda ulikuwa mfupi, na kila aliyepita alisaini kabla ya kutoka. Alipofika kwenye kile kisanduku wakala hakuniuliza kitu. Aliandika mji tuliokuwa tumekaa. Nami nilikuwa nimemkazia macho nikimwona anavyoandika, nikawaza tu kwamba jina langu asilikosee.

Sasa hapa lazima niwe mkweli, kwa kuwa wapo watakaosoma barua hii wakadhani nilidhulumiwa na shule. Shule haikuvunja sheria. Sheria ya kazi ya kule, ile ya Shirikisho Namba 33 ya mwaka 2021 iliyoanza kutumika Februari 2, 2022, inamtaka mwajiri alipe gharama za kumrudisha mfanyakazi mahali alikoajiriwa, au mahali pengine popote ambapo pande mbili zimekubaliana. Anasamehewa gharama hiyo endapo mfanyakazi amehamia kwa mwajiri mwingine, au mkataba umevunjika kwa sababu iliyotokana na mfanyakazi mwenyewe. Mimi nilikuwa nimemaliza mkataba wangu hadi siku ya mwisho. Nilistahili tiketi na nilipewa. Ila nilipewa ya kwenda "nilikoajiriwa", na kwa karatasi zao niliajiriwa kwenye ukumbi wa hoteli Dar es Salaam.

Yasome tena hayo maneno: au mahali pengine popote ambapo pande mbili zimekubaliana. Sheria yenyewe imekuachia mlango. Ungekubaliana na mwajiri kabla ya kusaini kwamba mahali hapo ni KIA, angefungwa na neno lake. Mimi nilijulishwa mlango huo upo wakati tiketi imeshakatwa.

Yule kijana alinipa njia nyingine: nichukue dirhamu 900 taslimu, nijikatie tiketi ninayoitaka. Nikaomba siku mbili za kufikiri. Nikatafuta bei. Mwisho wa Juni shule zote za kule zinafunga kwa mkupuo mmoja, walimu na familia za wageni wanatoka siku zile zile, na nauli zinapaa. Tiketi ya KIA ya wiki ile niliikuta dirhamu 1,750. Upungufu ni dirhamu 850, na dirhamu imefungwa kwa dola, 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo ilikuwa kama dola 231 za mfukoni kwangu. Nilikuwa na ada ya mjukuu wa kulipa. Nikakubali DAR. Nawaambia vijana, mtu akikupa pesa badala ya tiketi, usimjibu kabla hujatazama bei ya wiki utakayosafiri. Bei ya leo haikuhusu.

Mizigo nayo. Mkataba haukusema kilo ngapi, kwa hiyo nilikatiwa tiketi ya bei ya chini kabisa, begi moja la kilo 20 na mfuko wa mkononi wa kilo 7. Miaka miwili ya maisha yangu ilikuwa iingie kwenye kilo 20. Usiku wa kuamkia safari nilikaa chini jikoni na mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano. Ilisoma 31. Nikatoa sufuria la presha nililopikia maharage siku zote, ikasoma 27. Nikatoa blanketi nililomnunulia mama, kisha nikalirudisha. Nikatoa vitabu vya hisabati, kimoja kimoja, kumi na kimoja, nikavipanga mezani kwa ajili ya mwalimu mwenzangu Mhindi aliyekuwa anabaki. Ilipofika 19.8 nikafunga zipu. Daftari walilonipa wanafunzi wa darasa langu, kila mmoja ameandika ukurasa wake, nililiweka kwenye mkoba wa begani ili lisipimwe.

Kuna jambo jingine la kule ambalo sijaona likizungumzwa huku kwetu. Kabla hujaondoka shule inafuta kibali chako cha kazi, na kuna fomu unayosaini ikisema umepokea haki zako zote. Nililetewa fomu hiyo kabla sijaiona tiketi na kabla kiinua mgongo hakijaingia benki. Mwalimu mmoja wa muda mrefu pale alininong'oneza nisisaini. Nikasema kwa upole kwamba nitasaini nikishaona pesa na tiketi, na hawakubishana nami. Kwa sheria yao malipo ya mwisho yanatakiwa yalipwe ndani ya siku 14 tangu mkataba kuisha. Mtu akishasaini kwamba amepokea, atasimama wapi kudai? Watanzania tuna ubalozi Abu Dhabi na ubalozi mdogo Dubai, na wizara ya kazi ya kule inapokea malalamiko ya wafanyakazi wageni, lakini zote hizo zitakuuliza kwanza umesaini nini.

Nilitua Dar es Salaam saa tisa alasiri. Mpaka nitoke na begi ilikuwa saa kumi na nusu, na sikutaka kusafiri usiku na mzigo peke yangu. Teksi hadi Mbezi shilingi 50,000, nyumba ya wageni 40,000, kesho yake basi la saa kumi na mbili asubuhi 38,000, na konda akanidai 10,000 ya mzigo. Jumla 138,000. Fedha hiyo siililii sana. Mama yangu mzazi ndiye ninayemwandikia aya inayofuata.

Mama ana miaka 81. Nilipoondoka 2022 nilipandia ndege Dar es Salaam, kwa hiyo hakuniona nikiruka. Tangu hapo alikuwa akiniambia kwenye simu kwamba siku ya kurudi atakuja KIA mwenyewe, asimame aone ndege inashuka na mimi nimo ndani. Alishona kitenge kwa ajili ya siku hiyo. Nilipomwambia nitashukia Dar es Salaam alinyamaza, kisha akauliza, "Kwani hawajui unakaa huku?" Basi letu lilipasuka tairi baada ya Same, tukakaa pale jua likazama tukiliona. Tulitakiwa kufika Moshi saa kumi na moja jioni, tukafika saa mbili na nusu usiku. Nilimkuta stendi, amekaa kwenye benchi la wauza tiketi tangu saa tisa, na kile kitenge amekivaa, amejifunika na khanga kwa baridi. Kaka yangu alikuwa amemsihi arudi nyumbani mara tatu.

Wiki hiyo hiyo alirudi mwalimu mwenzangu wa Kiingereza, mwenyeji wa Ngaramtoni, Arusha. Shule yetu moja, mwezi mmoja wa kumaliza, mshahara karibu sawa. Yeye alipitia Addis Ababa akatua KIA saa saba mchana. Saa tisa alikuwa anakula nyumbani kwake. Nilipompigia nikamwuliza alifanyaje. Akacheka, akasema siku ya usaili alimwomba wakala aongeze maneno matatu kwenye ule mstari: "Kilimanjaro, KIA, JRO." Wakala aliongeza kwa kalamu, wakaweka saini ndogo pembeni wote wawili. Hakuna aliyemkatalia. Haikumgharimu hata shilingi.

JRO ndizo herufi za uwanja wa KIA kwenye tiketi duniani kote. Mkata tiketi wa Sharjah, wa Muscat au wa Guangzhou hajui Kibosho wala Ngaramtoni, na hata "Kilimanjaro" anaweza kudhani ni mlima tu. Lakini JRO ataijua, kwa kuwa ndiyo anayoichapa kwenye mashine yake.

Na msidhani haya ni ya ughaibuni peke yake. Hapa Moshi na Arusha shule binafsi ni nyingi, na zinaleta walimu kutoka Kigoma, Kagera, Mbeya na kwingineko. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, inasema mkataba ukiisha mahali tofauti na pale mfanyakazi alikoajiriwa, mwajiri ama amsafirishe yeye na mizigo yake hadi alikoajiriwa, ama alipie usafiri huo, ama ampe posho ya usafiri isiyopungua nauli ya basi hadi stendi ya karibu na mahali hapo, pamoja na fedha ya kujikimu kwa kila siku anayokaa akisubiri kusafirishwa. Hilo la kujikimu nalipenda, kwa sababu linamfanya mwajiri aharakishe mwenyewe. Ni sheria nzuri. Sharjah sikupewa ya namna hiyo.

Lakini neno ni lile lile: alikoajiriwa. Namjua binti wa Kasulu aliyefundisha baiolojia hapa mjini miaka mitatu. Mkataba ulipoisha akaomba nauli ya kwao, akajibiwa kwamba usaili ulifanyika Arusha, kwa hiyo aliajiriwa Arusha, na Arusha hadi Moshi ni daladala. Aliondoka na mkopo wa wenzake. Aliponisimulia, ilikuwa imepita miezi mitano. Kifungu hicho kinaeleza kwamba kuajiri ni kule kutafutwa na kushawishiwa kwa ajili ya kazi na mwajiri au wakala wake, na yeye alitafutwa kwa simu akiwa kwao Kasulu, ujumbe wa mkuu wa shule bado anao. Nilimwambia hoja alikuwa nayo. Muda ndio alikuwa hana, maana mgogoro wa namna hiyo unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Walimu, tunzeni ule ujumbe wa kwanza. Barua ya kuitwa kazini ikija kwa anwani ya kwenu, isitupwe.

Mawakala nawaomba jambo moja. Kisanduku cha "mahali alikoajiriwa" msijijazie wenyewe. Mwulizeni mtu kwao ni wapi, aandike kwa mkono wake, na kwenye mstari wa tiketi itajwe uwanja kwa herufi zake tatu na kilo za mzigo. Ofisi ya Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, na wizara inayosimamia kazi, nazo naziomba kwamba mkataba wa mwalimu anayekwenda nje ukifika mezani kwao ukiwa umeandikwa "nchini kwake" tu, urudishwe ukarekebishwe. Ni mstari mmoja. Mwajiri anayelipa nyumba na bima ya afya hawezi kushindwa kutofautisha DAR na JRO wakati bado anakutaka. Atashindwa ukishamaliza kumfundishia, kwa kuwa hapo hana tena haja nawe. Ndiyo maana nasema kabla ya kusaini.

Kilichonifanya nishike kalamu ni vijana wawili wa kata yetu, mmoja wa fizikia na mmoja wa Kiingereza, wote niliwafundisha wakiwa wadogo. Jumapili iliyopita baada ya ibada walikuja na mikataba yao ya Falme za Kiarabu. "Shikamoo madam, tuangalizie." Tulikaa barazani chini ya mgomba, mama akatuletea chai. Ukurasa wa nne wa mkataba wa kwanza: nchini kwake. Ukurasa wa nne wa mkataba wa pili: nchini kwake. Kisanduku cha mahali alikoajiriwa kilikuwa kimeshajazwa, Dar es Salaam, kwa mashine safari hii. Nikachukua penseli nikaandika pembeni: "hadi uwanja wa KIA (JRO), mabegi mawili ya kilo 23, tiketi ikatwe na mwajiri siku zisizopungua 30 kabla ya kuondoka." Wakazipiga picha zile kurasa na kuzituma kwa mawakala wao siku hiyo hiyo.

Wa fizikia amejibiwa Jumanne. Wamekubali uwanja na mabegi, siku 30 wamezifanya 14. Nimemwambia asaini. Wa Kiingereza hajajibiwa hadi leo ninapoandika, na anatakiwa arudishe mkataba Ijumaa. Jana jioni aliniuliza kama asaini hivyo hivyo asije akakosa nafasi. Nimemwambia ampigie wakala simu kesho asubuhi, amtajie KIA kwa sauti, na mimi nitakuwa nimekaa pembeni yake.

Mwalimu mstaafu wa hisabati,
Kibosho, Moshi
(Jina na anwani vimehifadhiwa)